Saa Inayoomba Hela ya Soda

SEHEMU YA 1

Kwa waliojiunga juzi: mimi ni nesi, naishi Mlandege hapa Iringa mjini, na huwa naandika mambo ya mama na mtoto. Leo naingia kwenye historia ya kompyuta. Msikimbie, tutapita kliniki kama kawaida.

Wiki iliyopita nilikuwa natoka sokoni na mboga zangu, mama mmoja akanishika mkono. Mimba ya kwanza, miezi sita. Mume wake kamnunulia saa janja, zile zinazohesabu hatua na mapigo ya moyo. Mama kaipenda, kaingia kwenye simu kaipakulia sura mpya yenye maua, ya bure. Baada ya siku tatu saa ikaleta maandishi ya Kiingereza. Kwa Kiswahili ni kama hivi: programu hii ni ya bure, ila kama umeipenda unaweza kumnunulia kahawa aliyeitengeneza.

Sasa mama kaogopa. "Sista, nisipolipa itazima? Watanikata kwenye M-Pesa? Au ndiyo wale wa 'ile hela tuma kwenye namba hii'?"

Nilianza kucheka, halafu nikaacha. Swali lake si la kijinga hata kidogo. Nani kati yetu hajawahi kuambiwa kitu ni bure, halafu ukiwa ndani tayari, mkono ukafunguka mbele yako? Umezoea. Ukisikia "bure" unashika pochi. Na nikisema ukweli, mikono mingine iliyofunguka mbele ya akina mama ilikuwa ya watu waliovaa gauni kama langu. Hilo nitalisema kwenye sehemu ya 4, sitalikwepa.

Nilimjibu pale pale kwamba hapana, hakuna atakayemkata. Lakini jibu la haraka halikuniridhisha, nikarudi nyumbani nikawaza: huu mtindo wa kutoa kitu bure halafu kuomba hela ya soda kwa hiari ulianza wapi? Nikakuta historia yake inapita karibu na kwetu kuliko nilivyodhani.

SEHEMU YA 2

Tuanzie Marekani mwaka 1982. Kompyuta ya mezani ya IBM ndiyo kwanza ina kama mwaka mmoja sokoni. Intaneti ya nyumbani hakuna. Programu unainunua dukani ndani ya boksi, kwa bei ya kuumiza, na kumnakilia jirani ni kosa.

Karibu na San Francisco alikuwepo Andrew Fluegelman, mwanasheria aliyegeukia kazi ya kuhariri vitabu. Alikuwa anaandika kitabu na mwenzake, na kompyuta zao zilikuwa za aina tofauti, haziongei. Akatengeneza programu ya kutumiana maandishi kupitia laini ya simu, akaiita PC-Talk. Ikawa nzuri. Aiuzeje, na yeye si kampuni?

Wazo lilimjia kutoka kwenye televisheni. Kule San Francisco kuna kituo cha umma kinaitwa KQED, ambacho mara kwa mara husimamisha vipindi na kuwaomba watazamaji wachangie. Asiyechanga anaendelea kutazama kama kawaida. Fluegelman akasema mbona na mimi naweza. Ukimtumia disketi tupu na bahasha yenye stempu ya kurudishia, alikuwekea programu akakurudishia. Ukiifungua, ndani kuna ujumbe: ukiipenda, tuma dola 25. Utume usitume, unaruhusiwa kuwanakilia marafiki.

Mwaka huohuo, upande wa kaskazini huko Bellevue, mfanyakazi wa IBM aitwaye Jim Knopf alikuwa na programu yake ya kutunza orodha za majina. Aliianza kwa shughuli ya kanisa, kuchapa anwani za waumini. Akawapa wenzake kazini, nao wakawapa wenzao, hadi ikafika kwa watu asiowajua. Kila akirekebisha kitu anashindwa kuwatumia wote. Akaweka ujumbe kwamba anayetaka kuendelea kupata marekebisho atume dola 10 kusaidia gharama.

Mke wake alimwambia anajidanganya, hakuna mtu atakayetuma hela kwa hiari yake. (Wanawake wenzangu, hata mimi ningemwambia hivyohivyo.) Barua zikaanza kuja. Mtumiaji mmoja akamshtua kwamba kuna programu nyingine, PC-Talk, inaomba vilevile. Knopf akamtafuta Fluegelman, wakakubaliana kutajana kwenye disketi zao na kuomba kiasi kimoja, dola 25. Kufikia 1984 Knopf aliacha kazi IBM, kwa sababu zile hela za hiari zilishapita mshahara.

Msielewe vibaya, watu wengi hawakulipa. Mfumo huu haujawahi kutegemea kwamba wote watatoa. Ulitegemea kwamba kunakili hakumgharimu mwenye programu kitu, kwa hiyo wachache wakitoa, kazi inakwenda. Ni kama kikapu cha sadaka. Kinapita mbele yako, unaweka au huweki, mchungaji hasimamishi ibada kukusomea jina. Tofautisha na mchango wa harusi wa siku hizi, ambapo tunaambiwa ni hiari halafu kadi ina bei ya "single" na "double", na kila asubuhi orodha inapandishwa kwenye grupu, wasiotoa wanaonekana wote. Ile si hiari jamani. Ile ni kodi yenye pilau.

Kwa hiyo tangu mwanzo kulikuwa na kipimo, hata kama hakuna aliyekiandika: asiyetoa anapata kitu kilekile anachopata aliyetoa. Baadaye walitokea wengine waliobadilisha, ukawa unapewa kipande tu halafu ulipie kingine, au inazimika baada ya siku 30. Hiyo ni biashara ya kuonja, wala si dhambi, lakini isiitwe hiari.

SEHEMU YA 3

Sasa nawaleta nyumbani.

Mwaka huohuo wa 1982, upande wetu wa ziwa, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero wilaya ya Rakai, Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, watu walianza kukonda na kufa kwa ugonjwa usiojulikana. Waganda wakauita Slim. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza nchini kwetu waligundulika Kagera, ng'ambo ya mpaka huohuo. Kule Kagera watu waliuita Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa kwa magendo. Sisi wa Nyanda za Juu hatuhitaji kusimuliwa ulivyoendelea. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 uliikuta Iringa, enzi hizo Njombe ikiwa bado ndani yake, ikiongoza nchi nzima kwa maambukizi: karibu watu wazima 16 katika kila 100, wakati wastani wa taifa ulikuwa kama 6. Kila mtu wa hapa mwenye umri wangu ana bibi aliyelea wajukuu peke yake.

Rakai ilikuwa hivyo mapema zaidi. Makumi ya maelfu ya watoto walipoteza mzazi mmoja au wote wawili.

Mwaka 1994 alifika huko Mholanzi mmoja, Bram Moolenaar, kujitolea kwa mwaka mzima kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, mji mdogo wa Rakai. Kazi yake ilikuwa maji na vyoo. Kazi ya maana kuliko wengi wanavyofikiri. Sisi wa wodi ya watoto tunajua kuhara kunavyoua. Lakini Moolenaar alikuwa pia mtengenezaji wa programu. Tangu 1991 alikuwa anagawa bure programu inayoitwa Vim, ya kuandikia na kuhariri maandishi. Wewe na mimi hatuitumii, lakini wanaotengeneza programu duniani kote wanaijua, na imejaa kwenye kompyuta zao mpaka leo.

Aliporudi Uholanzi angeweza kuanza kuomba hela ya kahawa yake mwenyewe. Alichofanya ni hiki: aliandika ndani ya Vim kwamba programu ni bure, itumie na uinakili utakavyo, na kama imekusaidia basi uwasaidie watoto wenye shida Uganda. Ukiifungua tupu, kwenye kioo cha kwanza kabisa, kabla hujaandika herufi, unaona mstari mdogo unaokuomba uwakumbuke watoto wale. Alianzisha taasisi ya kupitishia michango, ikaenda Kibaale kwenye shule, chakula na matibabu. Watu wakawa wanamlipia mtoto mmoja mmoja ada ya kila mwezi.

Hebu fikiria. Fundi wa programu yuko India, au Brazil, au Dar es Salaam, saa nane usiku anahangaika na kazi yake, anafungua kifaa chake cha bure, na kitu cha kwanza anachosoma ni kwamba kuna mtoto Uganda. Miaka karibu 30. Hakuna aliyelazimishwa. Ukipuuza ule mstari, Vim inafanya kazi vilevile.

Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na miaka 62. Kazi ya michango imeendelezwa na shirika la Kanada linaloitwa Kuwasha. Ndiyo, Kiswahili chetu hichohicho.

Nina jambo moja halinikai vizuri. Jina la Uganda limezunguka dunia nzima ndani ya programu ile likiwa limebebana na neno umaskini, na Uganda si hivyo tu. Kuna Waganda walioisoma ile sentensi kila siku kazini kwao. Ningekuwa mimi ningejisikia vibaya kidogo. Lakini pia nawajua watoto wa aina ile, wa hapahapa, walioacha shule darasa la tano wamlee mdogo wao. Kwa hao siwezi kubishana na mstari mmoja kwenye kioo.

SEHEMU YA 4

Hii niliahidi.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa nesi mpya, nilikuwa kwenye kituo kimoja cha afya, sitakitaja. Kama mnavyojua, serikali ilipoanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama za matibabu mwaka 1993, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 waliachwa nje. Wao ni bure. Imeandikwa. Kwenye maisha halisi mama bado anakuja na kikapu chake: glavu, mpira, uzi, wembe, pamba. Hilo tumeshaliongea sana humu, leo silirudii.

Usiku mmoja mama alijifungua salama, na asubuhi dada yake akanifuata koridoni akanikunjia noti ya elfu tano mkononi. "Asante nesi, ya soda." Nilikataa mara moja, wa pili nikapokea. Sikuwa nimemwomba. Alitoa kwa furaha. Nilinunua mkate, na sikuona kosa.

Wiki kadhaa baadaye akaletwa mama mwingine kutoka kijijini, kachelewa mno. Uchungu ulianza jana yake mchana. Mtoto alitoka amechoka, hakulia, tukamsaidia kupumua kwa muda ambao mimi niliuona kama mwaka. Akalia. Mama alivuja damu tukampa rufaa, akapona. Nilipomuuliza mkwe wake kwa nini walikaa nyumbani siku nzima, alinijibu bila hasira yoyote: "Tulikuwa tunatafuta hela ya asante ya manesi. Tulisikia hapa huwezi kuja mikono mitupu."

Hakuna nesi aliyekuwa amemwambia hivyo. Noti yangu ndiyo ilimwambia. Yangu na za wenzangu. Yule dada aliporudi kijijini alisimulia kwa nia njema kabisa kwamba nesi alitusaidia tukampa kitu, na habari ilipofika kilomita 20 ilishageuka kuwa bei.

Ndiyo maana nimehangaika na hii historia. Fluegelman aliyekuwa anaomba dola 25 hakuwa na mkono wowote juu ya mtu. Programu ulishakuwa nayo, yuko mbali, hakujui, hawezi kukufanya lolote. Mimi nilikuwa nimesimama kati ya mwanamke na kitanda cha kuzalia. Kwa mtu aliyelala pale akiwa na uchungu, neno hiari halipo, hata ukilisema kwa sauti ya upole. Sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007 ina maneno yake kuhusu mtumishi wa umma kupokea vitu, na TAKUKURU wapo. Ila mimi sikuacha kwa sababu ya sheria. Niliacha kwa sababu ya yule mkwe.

Ukitaka kumshukuru nesi, rudi na mtoto tumwone amenenepa. Au andika kwenye sanduku la maoni, ukitaja zamu.

SEHEMU YA 5

Wengi mmenijibu sehemu ya 4, wengine kwa machozi, nimesoma zote. Tuendelee na programu, maana kuna bure ya aina nyingine ambayo haiombi kabisa, na hii ndiyo nataka mama wadogo mnisikilize.

Mnaikumbuka Wazazi Nipendeni? Ilianza 2012 chini ya Wizara ya Afya. Ulikuwa unatuma neno "mtoto" kwenda 15001, bure, hata kwa simu ya kitochi, halafu unapokea ujumbe kulingana na umri wa mimba yako: nenda kliniki, pima, meza vidonge vya damu, lala kwenye chandarua, andaa nauli ya siku ya kujifungua. Nilipenda sana ile huduma. Haikukuomba hata shilingi, kwa sababu wafadhili, Wamarekani wakiwa mbele, walishalipa. Na bure inayolipwa na mfadhili ina tabia yake: siku mfadhili akiondoka, wewe hujaulizwa. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, nani kati yetu aliulizwa?

Halafu kuna ya tatu. Flo ni programu ya simu ya kufuatilia siku za hedhi na mimba, inatumiwa na mamilioni ya wanawake duniani. Unaweza kuipata bila kulipa. Unaandika siku zako, dalili zako, kama unatafuta mtoto. Januari 2021 tume ya serikali ya Marekani inayolinda wateja ilieleza kwamba Flo ilikuwa imeahidi kutunza siri za watumiaji, lakini taarifa za afya zao zilipelekwa kwa kampuni nyingine, zikiwemo Facebook na Google. Flo haikukiri kosa, ila ilikubali makubaliano ya kuomba ridhaa ya mtumiaji kabla ya kutoa taarifa za afya yake.

Sasa linganisha. Mmoja anasema wazi: nimetengeneza hiki, ukipenda nipe ya soda. Mwingine haombi kitu, anakupa tabasamu tu, na wewe umeshamwambia mambo ambayo hata mama yako mzazi hujamwambia. Yupi anatisha? Yule mama wa Mlandege alimwogopa anayeomba. Mimi naanza kumwogopa asiyeomba.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya yako zimo. Ni vizuri kujua. Lakini sheria haiwezi kukusomea yale maandishi madogo unapobonyeza "nakubali".

Kuna pia wasio watafuta faida wanaojulikana na kila mtu: Wikipedia. Ipo tangu 2001, ya Kiswahili tangu 2003, haina matangazo, inaishi kwa michango. Lile bango lao la kuomba linakera, nakubali, linajaza nusu ya kioo. Unalifunga, unasoma. Mwanao akitafuta habari za Mkwawa kwa ajili ya shule, hatolewi nje kwa sababu baba yake hakuchanga.

SEHEMU YA 6 (ya mwisho)

Turudi kwenye saa.

Kwa nini hasa programu za saa ndizo zimejaa maombi ya hiari? Sababu ni ya kawaida kabisa: baadhi ya maduka yake ya programu yalizaliwa bila kaunta ya kulipia. Saa iitwayo Pebble ilianza kwa kuchangishana mtandaoni mwaka 2012, watu wakatoa zaidi ya dola milioni 10 kabla saa haijatengenezwa. Duka lake la programu lilipofunguliwa 2014, mtengenezaji hakuwa na njia ya kuuza ndani yake. Garmin nayo kwa miaka mingi ilikuwa hivyo. Kwa hiyo kijana aliyechora sura ya saa nyumbani kwake usiku alikuwa na chaguo moja: aigawe bure, aweke maneno machache ya kuomba, na anwani ya kutumia hela. Si utapeli. Ni mtu asiye na kaunta.

Pebble ilifunga biashara mwishoni mwa 2016, na mitambo yake ilipozimwa katikati ya 2018, watumiaji wenyewe waliojitolea, wanaojiita Rebble, walichukua kazi ya kuziweka hai saa zile. Vitu vya msingi wakaacha bure, wakaomba wanaoweza walipie kidogo kila mwezi. Na kuna programu ya simu inaitwa Gadgetbridge, iliyoanza 2015, inayounganisha saa nyingi za bei nafuu bila kupeleka mapigo ya moyo wako kwa kampuni yoyote. Taarifa zinabaki kwenye simu yako. Watengenezaji wake ni watu wa kujitolea, na wanapokea michango kwa anayetaka. Saa zote haziwezi, uliza kijana anayejua simu kabla hujahangaika.

Kikwazo kwetu ni kwamba ukitaka kutoa, mara nyingi njia ni kadi ya benki na dola. Mama mwenye elfu moja ya hiari kwenye M-Pesa hana pa kuipitisha. Kwa hiyo wengi wetu tutabaki wanaotumia bila kutoa, na sioni aibu hapo, maana aliyeomba alishakubali hilo tangu 1982. Ila ukiwa na mdogo wako wa chuo anayetengeneza programu ya kuhesabu kliniki au chanjo, huyo namba yake unayo. Mtumie ya vocha.

Yale maandishi kwenye saa ya yule mama tuliyaangalia pamoja juzi, amekuja kliniki. Nilimwonyesha mambo matatu ambayo nataka na wewe uangalie. Kwanza, kuna kitufe cha "baadaye" au cha kufunga? Kilikuwepo. Akabonyeza, maua yakarudi, mapigo yanahesabika kama kawaida. Pili, programu inataka ruhusa gani? Sura ya saa haihitaji kusoma ujumbe wako wala majina ya watu kwenye simu. Yake haikuomba. Ingekuwa imeomba ningemwambia aifute, iwe imeomba kahawa au haijaomba. Tatu, hela ikiombwa, inaombwa kabla au baada ya kupata huduma? Na hapo hakuna kuandika namba ya siri ya M-Pesa popote, hata kama maandishi ni ya Kiswahili fasaha.

Halafu nikamvua saa, nikampima presha kwa mashine yetu. Saa ilikuwa inaonyesha presha yake ni nzuri sana. Mashine yetu ilisema 140 kwa 92. Nikapima tena baada ya kumpumzisha, ikabaki juu. Nikapima mkojo.

Zile namba za presha kwenye saa za bei rahisi msizitegemee mkiwa wajawazito, nawaomba. Na saa inayodai kupima sukari bila kutoboa kidole, Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba hakuna hata moja waliyoiidhinisha. Hatua ihesabu. Usingizi ihesabu. Maua yake ni mazuri kweli.

Ameanzishiwa dawa na anarudi Jumatatu. Kwenye mlango wa kutokea aligeuka akaingiza mkono kwenye pochi. Nikamwambia, "Mama, hapa hapana. Jumatatu, usikose."